Kubishana na askari si kumzuia kazi

Mhariri,

Kosa la kufanya fujo na la kumzuia askari kutekeleza kazi yake hutajwa pamoja mara nyingi, hata watu wakadhani ni kitu kimoja. Sivyo. Fujo hugusa utulivu wa umma: kupigana, kutishia watu, kufunga njia. Kuzuia, kwa kawaida, kunataka askari awe anafanya kazi halali, na mshtakiwa awe amemkwamisha kwa makusudi, mathalani kwa kusimama mlangoni ili asipite.

Utata uko kwenye maneno matupu, na hapo ndipo wananchi huonewa. Uingereza, katika kesi ya Rice dhidi ya Connolly ya mwaka 1966, mahakama iliamua kwamba kukataa tu kujibu maswali ya polisi si kosa la kuwazuia. (Kuwadanganya ni jambo jingine kabisa.) Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ndogo ya jiji la Houston iliyofanya kumkatiza askari kwa maneno kuwa kosa.

Mshtakiwa aisome hati ya mashtaka kwa makini: askari alikuwa akifanya kazi gani, na ni kitendo gani kilichoikwamisha? Hati isiposema, wakili wake aanzie hapo.

Msomaji wako