Barua ya wazi kwa Waziri wa Kawi: Msihukumu mitambo ya baridi kwa namba moja

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Industrial Area, Nairobi, ambako nafanya ufundi wa vyumba vya baridi. Nakuandikia kuhusu mitambo ya baridi inayounganisha kompresa, inayobana gesi ya kupozea, na mfumo wa ufyonzaji, ambao hutengeneza baridi kwa kutumia joto. Inakataliwa mapema mno, na sababu ni hesabu inayosomwa vibaya.

Kompresa inakula stima. Mfumo wa ufyonzaji unakula joto: ule wa maji na chumvi ya lithiamu bromaidi unatosheka na maji ya moto ya nyuzi 80 hadi 90 hivi. Ila kipozaji chake, yaani kiowevu kinachobeba baridi, ni maji, nayo huganda kwenye sufuri, kwa hivyo peke yake hauwezi kugandisha nyama. Ndiyo maana tunaunganisha. Ufyonzaji unapoza kondensa, sehemu ambako kompresa hutupa joto lake, hivyo kompresa inabaki na mlima mfupi wa kupanda.

Chukua chumba cha nyuzi 25 chini ya sufuri. Kondensa ikiwa nyuzi 40, mashine kamilifu hutoa baridi mara 3.8 ya stima inayotumia. Ishushe hadi nyuzi 10, inatoa mara 7.1. Stima imepungua karibu nusu! Mashine za kweli haziufikii ukamilifu huo, lakini tofauti inabaki kubwa.

Sasa mkaguzi wa nishati akijumlisha joto na stima kana kwamba ni kitu kimoja, mtambo mzima unaonekana duni, maana ufyonzaji wa kawaida hutoa takriban kipimo 0.7 cha baridi kwa kila kipimo 1 cha joto. Joto lenyewe lilikuwa linapotelea kwenye bomba la moshi la boila. Kulihesabu sawa na stima ya Olkaria, inayozalishwa kwa mvuke wa ardhini, ni kumwonea mwenye kichinjio. Anayechoma dizeli makusudi ili alipate, huyo naye asisifiwe.

Wauzaji pia hawataji maji. Kwa kila kipimo 1 cha baridi, ufyonzaji hutupa nje takriban vipimo 2.4 vya joto, na mnara wa kupozea unaoliondoa joto hilo hunywa maji katika jiji hili la mgao.

Naomba wizara iagize ripoti za ukaguzi zitenganishe stima, joto pamoja na chanzo chake, na maji. Anayetegemea jua kupasha maji apimwe pia Julai, mawingu yanapofunga Nairobi mchana kutwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa majokofu, Nairobi