Mmetuonyesha kioo, tuonyesheni na bomba

Ndugu Mhariri,

Ile picha ya Tuzo ya Maji ya Stockholm, tuzo ya dunia nzima inayotolewa Uswidi, mliyoichapisha gazetini niliikata nikaibandika kwenye mlango wa jokofu. Sikuibandika kwa kuipenda. Niliogopa nitasahau kukuandikia. Yumo Mfalme wa Uswidi, yumo mshindi, na katikati yao sanamu ya kioo inayometameta. Chini mkaweka mistari miwili: jina la mshindi, na kwamba ametunukiwa kwa mchango wake katika kuhifadhi maji. Mchango upi, Mhariri? Nimegeuza karatasi nyuma nikakuta matokeo ya mpira.

Mimi ni mwanamke mstaafu. Nilifanya kazi ya maji miaka 27, karibu yote zamu ya usiku, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza mabomba. Najua wengi hawajawahi kuisikia kazi hiyo, kwa hiyo nieleze. Unakuwa na fimbo ya chuma, nyembamba, ndefu inayofika kifuani, na kichwani ina kikombe cha mbao cha kuwekea sikio. Unaisimamisha juu ya valvu au juu ya mita, unainama, unanyamaza. Bomba zima halina la kusema. Linalovuja linalia, na kila tundu lina sauti yake: dogo lenye presha kubwa hupiga mluzi, ufa mpana hunguruma chini chini kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Tulifanya usiku kwa sababu saa nane watu wamelala na koki zimefungwa. Mita ya mtaa mzima ikiendelea kuzunguka saa hiyo, basi pako mahali maji yanakokwenda, na si kwa mteja.

Usiku mmoja wa mwaka wangu wa pili mita iligoma kutulia. Tulipita valvu moja baada ya nyingine hadi karibu na alfajiri, nikamwambia mzee wa zamu kwamba sisikii kitu, pengine mita ndiyo mbovu. Akanijibu, “Dada, mita haina sababu ya kukudanganya. Sikiliza tena, safari hii bila haraka.” Nilirudia. Karibu na ukuta wa kiwanja kimoja palikuwa na majani mabichi mazuri, kiangazi chote kimepita na majani hayajanyauka, na watu waliyapenda kwa sababu yalipendezesha njia. Nilipoweka fimbo pale nilisikia mluzi. Tulipochimba tukakuta kiungo kimekatika mpira wake. Tulikinga ndoo ya lita 20 na kushika saa: ikajaa kwa dakika moja na nusu. Fanya hesabu mwenyewe, ni lita 19,200 kwa siku, na jirani mmoja alituambia majani yale aliyakuta siku alipohamia. Kile kipande cha mpira kilichooza kilienea kwenye kiganja changu.

Nimeanzia huko ili ujue ninayelalamika ni nani. Mtu aliyekesha kwa kazi hiyo akisikia ipo tuzo ya dunia nzima ya maji, anataka kujua washindi walifanya nini kwa mikono yao. Nilipostaafu nilipata nafasi ya kuwafuatilia mmoja mmoja tangu tuzo ilipoanza kutolewa mwaka 1991, na hapo ndipo hasira yangu na ile picha yenu ilipoanza, kwa maana kila mmoja ana picha nzuri kuliko ile ya kioo.

Chukua yule wa kwanza kabisa, David Schindler, mtafiti wa Kanada. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichukua ziwa dogo lenye kiuno katikati, lenye namba tu, Ziwa 226, wakalikata vipande viwili kwa pazia lililoshuka hadi tope la chini. Upande mmoja wakatia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili wakatia hivyo hivyo viwili na kuongeza fosforasi. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha nusu moja ya ziwa ina rangi ya maji na nusu ya pili imekuwa kijani kibichi kwa mwani. Wenye viwanda vya sabuni, ambao waliitia fosforasi kwenye sabuni zao, walikuwa wamekanusha kwamba ndiyo inayoharibu maziwa, na picha ile ikawa vigumu kubishana nayo. Serikali zikazidi kuibana fosforasi kwenye sabuni za unga. Sasa niambie, Mhariri, kati ya picha ile na picha ya watu wawili waliovaa vizuri, ipi ingemfanya msomaji wako asimame?

Au Peter Morgan wa Zimbabwe, mshindi wa 2013. Huyu namwelewa bila mkalimani. Pampu ya mkono anayohusishwa nayo hakuianza yeye; ilibuniwa na mtu mwingine miaka ya thelathini, yeye akairekebisha na kuirekebisha tena hadi ikawa pampu ya nchi nzima. Kichwani, pale mpini unapochezea, hakuna beringi ya kuagiza ng'ambo. Kuna gogo la mti mgumu lililolowekwa mafuta. Likilika, seremala yeyote anachonga jingine. Nimeona pampu za kupendeza, zilizokuja na sherehe na bendera, zikifa kwa kukosa kipuri cha ukubwa wa kidole, kwa hiyo gogo lile kwangu ni akili kubwa kuliko mitambo mingi. Tena alibuni choo cha shimo chenye bomba refu la hewa na wavu juu yake: inzi akiwa ndani hufuata mwanga, hupanda bombani, hugonga wavu na kufia humo. Choo na maji ni ndugu, anayetenganisha hajawahi kuona bomba lenye ufa likipita kando ya shimo la choo siku presha inaposhuka na uchafu kuvutwa ndani.

Rajendra Singh wa India, mshindi wa 2015, alikwenda jimbo la Rajasthan mwaka 1985 na nia ya kufungua zahanati. Wazee wakamwambia wanachohitaji ni maji. Akachimba. Alichofufua ni vizuizi vya udongo vya kizamani vinavyoitwa johad, vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyozuia mvua isikimbie ili izame ardhini. Kimoja hakionekani kuwa kitu. Vikawa mamia, kisha maelfu, visima vikapanda, na mto Arvari uliokuwa njia ya mchanga ukarudi kutiririka. Rita Colwell wa Marekani, wa 2010, yeye na wenzake walijaribu huko Bangladesh kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa mara nne au zaidi. Vimelea vya kipindupindu hujishikiza kwenye viumbe wadogo wanaoelea majini, na kitambaa kinawanasa. Wagonjwa walipungua kwa karibu nusu. Sari kuukuu ilichuja vizuri kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zilizochakaa huziba vitundu. Hilo nililisoma nikacheka peke yangu, maana ni mara chache kitu kuukuu kikasifiwa mbele ya mfalme.

Lakini iliyonigusa zaidi haimo kabisa kwenye orodha hiyo kubwa. Ilitolewa Stockholm mwaka 2010, ikiwa tuzo ndogo ya viwanda na mashirika, na ilikwenda kwa mamlaka ya maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, nchi ikiwa imetoka vitani, kati ya kila ndoo mia za maji yaliyosafishwa mjini pale, 72 hazikulipiwa na yeyote: nyingine zilivuja, nyingine ziliibwa, nyingine zilinywewa na wakubwa wasiozoea kuona ankara. Akawekwa mhandisi mmoja, Ek Sonn Chan. Kufikia 2008 zilizokuwa zikipotea zilikuwa kama 6. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa. Kuna miji tajiri, yenye kila chombo, isiyofika hapo.

Na alifanyaje? Hakuna siri. Kila nyumba iliwekewa mita. Mtandao wa mabomba uligawanywa vipande vipande ili kila kipande kipimwe peke yake. Vikosi vya kutafuta mivujo vilikaa tayari usiku na mchana, na kipande kikipunguza upotevu, waliokisimamia waliongezewa kitu kwenye mshahara. Aliyefichua bomba la wizi alizawadiwa. Mfanyakazi aliyeshirikiana na wezi alifukuzwa. Wakubwa nao waliletewa ankara. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokwenda kwa jenerali mmoja asiyelipa alielekezewa bastola kichwani. Akaondoka, akarudi na askari na waandishi wa habari, akakata maji. Ona hapo, Mhariri: na waandishi wa habari. Wenzenu walikuwepo pale kwenye mita, na uwepo wao ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Nilikuwa na mwenzangu kazini, fundi hodari, ambaye nilipompigia kumsimulia haya alinijibu kwamba tuzo ni karamu za waliosoma, hazijawahi kuziba tundu hata moja. Nusu ya maneno yake nayakubali. Ukiitazama orodha kubwa, wengi ni maprofesa, na mara nyingi anaitwa mtu mmoja jukwaani kana kwamba maji huokolewa na mtu mmoja. Zamu yetu ilikuwa ya watu wanne, na asipokuwepo dereva hakuna kazi. Mimi ningewapa tuzo kubwa wale wa Phnom Penh, wote, hata wanaochimba mitaro, badala ya kuwapitisha dirisha la pembeni. Lakini nusu ya pili siikubali. Asit Biswas, mtaalamu wa maji aliyepewa tuzo kubwa mwaka 2006, ndiye mmoja wa waliokwenda kuichunguza kazi ya Phnom Penh na kuiandika, namba kwa namba, hadi mafundi wa nchi nyingine wakaisoma. Mimi ni mmojawapo. Bila mtu wa kuandika, kazi ya usiku hubaki kuwa ya usiku.

Ubaya wa kazi yetu ni kwamba ikifanywa vizuri haionekani. Bwawa jipya lina ukuta, lina utepe wa kukatwa, lina jiwe la msingi lenye jina. Mvujo uliozibwa una nini? Kiraka cha lami ambacho wiki ijayo mtu analalamika kimeinuka kidogo. Niliwahi kumsikia mkubwa wetu mmoja akiomba fedha za chanzo kipya cha maji, na hotuba yake ilipigiwa makofi, wakati sisi wa zamu tunajua kwamba maji anayoyatafuta mbali yalikuwa chini ya viatu vyake. Tulikuwa tumeomba fimbo mpya mbili mwaka ule. Hatukupata.

Ndiyo maana nalaumu mistari miwili. Tuzo hii hutolewa kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Agosti, katika mkutano wa Stockholm uitwao Wiki ya Maji Duniani, kwa hiyo haiwezi kuwashtukiza. Mna mwaka mzima wa kujiandaa. Jina la mshindi likitangazwa, mwiteni mtu wa maji yeyote awaelezee alichofanya, kisha mtafute mahali panapofanyika kitu kama hicho na mpige picha hapo. Na mamlaka ya maji mnayoiandika ikiwaambia imeongeza uzalishaji, iulizeni swali moja tu: kati ya yanayozalishwa, mangapi hayafiki kwenye mita? Uliza namba, usikubali jibu la kwamba hatua zinachukuliwa. Anayeijua kazi yake ana namba hiyo kichwani, kama mimi nilivyokuwa nayo ya kila mtaa.

Sikio langu la kulia limechoka sasa, ila la kushoto bado zima. Juzi nilisikia tangi la choo likinong'ona usiku nikaamka kubadilisha mpira wake; mume wangu akasema ni kazi imenizoea.

Mkiamua kumtuma mpigapicha zamu ya usiku, mwambieni avae viatu vya mpira na aache simu kwenye gari. Awe tayari kusimama muda mrefu bila kuzungumza, maana mtu akikohoa tu karibu na fimbo inabidi kuanza upya.

Wako,
Msikilizaji mabomba mstaafu