Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: anayeuguza alale wapi?

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: NDUGU WA WAGONJWA WANAOTOKA MBALI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Salamu kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mimi ni mkazi wa wilaya ya Uvinza, upande wa kusini, ambako barabara ukiitegemea wakati wa masika utakwama, kwa hiyo safari zetu ni za boti. Mwaka huu nimeuguza. Mama yangu mkubwa alipewa rufaa, tukavuka naye usiku, na tangu siku hiyo mpaka aliporuhusiwa nilikuwa mtu wa hospitali bila kuwa mgonjwa wala mtumishi.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Wauguzi niliowakuta walikuwa wachache na wamechoka, na sitaki hata mmoja wao aitwe ofisini kwa sababu yangu. Isitoshe, haya nitakayoyasema niliyaona pia miaka ya nyuma nikiuguza mkoa mwingine, kwa hiyo si ya jengo moja.

Malalamiko ya dawa kukosekana, ya mashine kuharibika, ya kauli kali dirishani, umeshayapata mengi, na mengine yamo kwenye masanduku ya maoni ambayo ufunguo wake wananchi hatujui anao nani. Leo niruhusu niyaweke kando. Nataka nimzungumzie mtu ambaye hana faili wala kitanda, na ambaye wodi isingemaliza siku bila yeye. Ni ndugu wa mgonjwa.

Wewe ni daktari, umefanya kazi wodini, unajua. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa kinatoka kwa ndugu. Ndugu ndiye anayeleta uji wa asubuhi na maji ya moto ya kuogea, na shuka likichafuka usiku atalifua yeye. Anapeleka sampuli maabara, anarudi kuulizia majibu. Anapanga foleni ya namba ya malipo, anatoka kwenda kwa wakala kulipa, anarudi na risiti. Dawa isipokuwepo dirishani, ni yeye anayezunguka mjini na karatasi mkononi, duka hadi duka. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa atibiwe bure kwa mujibu wa sera ya nchi, lakini msamaha huo haujiendei wenyewe. Kuna barua ya mtendaji wa kijiji, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, kuna kumsubiri afisa arudi kutoka kikaoni. Anayefuatilia ni ndugu. Na dripu inapokaribia kuisha saa nane za usiku, wodi imejaa na muuguzi ni mmoja, anayekwenda kumwita ni ndugu, kama hajafukuzwa.

Kazi yote hiyo anaifanya kwa kuvizia. Getini anaulizwa anakwenda wapi. Wodini anaambiwa atoke, raundi inaanza. Koridoni anaambiwa hapa si pa kukaa, na chini ya mwembe anaambiwa mnachafua mazingira. Damu ikihitajika ndipo anapotafutwa kwa jina. Naunga mkono kuchangia damu, na nina furaha kwamba damu haiuzwi. Lakini nimemwona kijana aliyetolewa chupa ya damu mchana, ile ya karibu mililita 450, jioni akaambiwa na mlinzi atafute pa kulala nje ya uzio.

Mwenye nyumba mjini hapati shida kubwa. Anapika kwake, anapanda bodaboda na hotipoti, saa ya kuona wagonjwa ikiisha anarudi kulala. Sisi wa Kalya, wa Sibwesa, wa Buhingu, na wenzetu wa Kagunga kule kaskazini mpakani na Burundi, hatuna pa kurudi. Boti haiji kila siku, na kusi likichachamaa haiji kabisa. Mwenye pesa anakwenda gesti. Asiye nazo analala barazani baada ya wagonjwa wa nje kuondoka, au kwenye kiambaza cha jengo ambalo halijaisha. Nimewakuta wanawake waliofanya kanga moja kuwa shuka, mto na mlango. Mafiga yao ni matofali matatu yaliyookotwa, migebuka inachomwa kwa kificho kama pombe haramu, na mlinzi akipita na ndoo ya maji, chakula cha mgonjwa kinazimwa pamoja na moto. Choo ni cha wagonjwa wa nje, na jioni kinafungwa. Kina mama mtaelewa maana yake bila mimi kueleza. Mbu ni wale wale wa mkoa wetu, na wapo waliokuja kuuguza wakarudi nyumbani wakiwa wagonjwa wao.

Pamoja na hayo, kulala nje si ndiyo shida kubwa. Shida kubwa ni raundi.

Nieleze inavyokwenda. Asubuhi tunatolewa wote ili madaktari wapite. Sina ugomvi na hilo, maana wodi ikijaa watu daktari hasikilizani na mgonjwa. Madaktari wanafika kwa mama mkubwa, wanasimama, wanamweleza. Sasa mama mkubwa ni Muha wa zamani. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha bei na salamu na pole. Anaelezwa kwa Kiswahili cha darasani na kijana mwenye adabu zake, aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa mwingine, naye anaitikia ndiyo kwa kila kitu, kwa sababu kwa malezi yake mganga habishiwi. Aliulizwa kama anameza dawa zote. Ndiyo. Hakuwa anazimeza zote. Zile kubwa zilikuwa zinamkwama kooni, akawa anazifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nilijua, lakini muda ule nilikuwa nje ya geti. Nilipomweleza muuguzi mchana akaniambia, kwa upole kabisa, jambo hilo mweleze daktari. Daktari alikuwa ameshapita.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika nikamuuliza mama mkubwa, daktari kasemaje? Akajibu, "Kasema vizuri." Chini ya mto kulikuwa na karatasi. Ilikuwa ya dawa ya kununua nje, imeandikwa tangu asubuhi, na dozi ya kwanza ilitakiwa ianze asubuhi ile ile.

Kosa la nani hapo? Daktari alieleza, mgonjwa akaitikia, muuguzi akafuata utaratibu wa kutoa watu, mlinzi akafunga geti kama alivyoagizwa. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na dozi ikapotea. Ndiyo maana siandiki kuomba mtu aadhibiwe. Ninachoomba ni utaratibu ubadilishwe.

Kila mgonjwa aliyelazwa aulizwe ni nani anayemuuguza, jina la mtu huyo liandikwe kwenye faili, naye apewe kadi. Mtu mmoja kwa kitanda kimoja. Wengine tutolewe, hata mimi nikiwa wa pili nitolewe. Lakini mwenye kadi abaki raundi inapofika kitandani kwa mgonjwa wake, asikie, aulizwe, atafsiri kama lugha inagoma, apokee karatasi ya dawa mkononi badala ya kuikuta chini ya mto mchana. Mgonjwa ndiye achague mtu wake. Wapo wasiotaka siri zao zisikiwe na mashemeji, na wana haki. Najua utaniambia kuhusu wizi wa simu na kuhusu maambukizi. Mwenye kadi anajulikana jina na kijiji, ni rahisi kumfundisha kunawa mikono na rahisi kumshika akiiba. Yule anayepita chini ya uzio usiku ndiye usiyemjua.

Na usidhani nakuletea jambo geni. Kuanzia mwishoni mwa 2016 hadi 2018, katika mkoa huu huu, shirika la Thamini Uhai lilishirikiana na serikali kujaribu utaratibu wa msindikizaji kwenye baadhi ya vituo: mama mwenye uchungu anakuwa na mtu wake hadi ndani ya chumba cha kujifungulia. Matokeo yalichapishwa. Kina mama wa vituo vilivyokuwa na utaratibu huo waliridhika zaidi na huduma kuliko wale wa vituo visivyokuwa nao. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani nalo likapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe wakati wa kujifungua. Yaani jambo hili lilishajaribiwa nyumbani kwetu, kwa dada zetu, likaonekana linafaa. Mbona bado nakutana na kina mama waliozaa peke yao huku mama zao wameketi nje ya ukuta wakisikiliza? Nikiuliza naambiwa chumba hakina faragha, vitanda vimepangwa pamoja. Basi wekeni mapazia. Pazia ni kitambaa na kamba.

Nchi imepiga hatua, sikatai. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Waliojifungulia kwenye vituo walifika asilimia 81. Siku hizi kuna m-mama, unapiga 115 bure na usafiri wa dharura unatafutwa. Kumfikisha mama tumeanza kuweza. Akishafika, mtu aliyefuatana naye anabaki swali la mlinzi.

Sasa pesa. Bima humlipia mgonjwa matibabu, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imetupa matumaini. Lakini nauli ya boti ya anayesindikiza, unga wake, mkaa wake na pa kulala pake vinatoka mfukoni. Kwetu watu huuza wavu ili wauguze, na mvuvi aliyeuza wavu hata mgonjwa akipona atakaa muda mrefu kabla ya kusimama tena. Kwa hiyo, Daktari, ukisoma kwenye taarifa za vituo kwamba familia imekataa rufaa, usiishie kwenye neno "imekataa". Ulizia kama walikuwa na mtu wa kumpeleka, na kama mtu huyo alikuwa na pa kulala. Nawafahamu waliokataa. Hakuna aliyekataa kupona.

Najua majengo yanahitaji bajeti. Najua pia kwamba zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko TAMISEMI, yaani kwenye ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na hospitali za rufaa za mikoa zilihamishiwa Wizara ya Afya, kwa hiyo mgonjwa wetu anavuka ziwa halafu anavuka wizara. Wewe umekaa pale pande mbili zinapokutana, ndiyo sababu barua hii nimeileta kwako na sikuipeleka Dodoma. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya ngazi ya msingi vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati za usimamizi zina wawakilishi wa wananchi. Banda lenye paa, bomba, choo, taa na mahali pa kuwashia moto linaweza kuingia kwenye mpango wa mwaka wa hospitali ya wilaya likiombwa. Tumejenga maboma ya madarasa na zahanati kwa mawe yetu na nguvu zetu, banda hili halitatushinda. Mnazo nyumba za kusubiria wajawazito mahali pengine, na ni jambo jema. Ongezeni chumba cha bibi aliyekuja na mjukuu.

Kadi na raundi havihitaji bajeti wala banda. Ukiandika waraka wiki hii kwa waganga wakuu wa halmashauri zote 8, na kuiomba hospitali ya rufaa ifanye vivyo hivyo, mwezi ujao daktari atamkuta ndugu wa mgonjwa amesimama kando ya kitanda na kadi shingoni. Anzeni hata na wodi moja, ya wazee au ya watoto, muone kama raundi inachelewa. Mimi naamini itachelewa siku za mwanzo, halafu itakuwa fupi, kwa sababu daktari hatarudia kesho maswali ambayo leo yamejibiwa uongo kwa heshima.

Mama mkubwa amerudi nyumbani, anatembea, anagombana na wajukuu. Kliniki yake ya marudio inakaribia na nitamsindikiza tena. Nitafurahi nikikuta choo kipo wazi usiku. Majibu yako, kama utapenda kunijibu, naomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati za mwambao, maana gazeti huku hutufikia likiwa limeshafungiwa maandazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Anayeuguza,
Mwambao wa kusini, Uvinza.

Nakala:
Katibu Tawala wa Mkoa
Wenyeviti wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya
Walinzi wa mageti yote, kwa taarifa