Jeni imo, lakini imenyamaza

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mimea iliyobadilishwa vinasaba ilieleza vizuri jinsi jeni inavyochukuliwa kwa kiumbe kimoja na kupandikizwa kwa kingine. Ikaishia hapo, kana kwamba jeni ikishaingia, kazi imekwisha. Sisi tunaoshinda maabara tunajua kuwa hapo ndipo kazi inapoanza.

Ningependa mwandishi wenu akae nami siku tunayopima jeni ya GUS. Asili yake ni bakteria wa utumbo, na kimeng'enya chake hutoa rangi ya buluu jani likilowekwa kwenye dawa yake. Tunakata majani ya miche iliyopandikizwa siku moja, jeni ileile, mikono ileile. Yanalala kwenye joto la nyuzi 37, asubuhi tunayatoa ukijani kwa spiriti. Moja limeiva kama wino. Jingine lina buluu kwenye mishipa tu. La tatu jeupe kama karatasi, na ukilipima DNA unaikuta jeni imo!

Bakteria wa Agrobacterium, tunaowatumia kubeba jeni, hawachagui pa kuitua. Ikiangukia sehemu ya kromosomu iliyochangamka, itafanya kazi. Ikiangukia sehemu iliyofungwa, itazimwa. Idadi ya nakala nayo ina mambo yake. Mtu angedhani nakala nyingi huleta protini nyingi, kumbe mara nyingi mmea hushtuka na kuzinyamazisha zote.

Mwaka 1990 watafiti Marekani waliiongezea petunia, mmea wa maua ya bustani, jeni ya rangi ambayo tayari inayo, wakitaka maua yaliyokolea zaidi. Asilimia 42 ya mimea iliyoipokea ilitoa maua meupe kabisa au yenye mabaka. Jeni ngeni ilikuwa imenyamaza pamoja na ile ya mmea wenyewe.

Mwaka huohuo, Ujerumani, petunia 30,000 zenye jeni ya mahindi ya kutia maua rangi zilipandwa shambani. Kila moja ilikuwa na nakala moja tu, kwa hiyo kisingizio cha wingi hakikuwepo. Maua ya mwanzo wa msimu yalitoka mekundu. Ya baadaye, kwenye mimea ileile, yakafifia. Mmea ulikuwa umebandika vikundi vya methili, kemikali ndogo zinazoizima jeni, kwenye promota, ile sehemu inayoiamuru jeni ianze kazi. Umri wa mmea na hali ya hewa vilichangia.

Hata pamba ya Bt, yenye jeni ya bakteria wa udongo na inayouzwa miaka mingi sasa, protini yake ya kuua viwavi hupungua kadiri mmea unavyozeeka, na majani hayalingani na maua.

Wala kunyamaza si hasara kila mara. Mpapai wa Hawaii uliobadilishwa vinasaba, ulioanza kupandwa na wakulima mwaka 1998, hujikinga na virusi kwa njia hiyohiyo: jeni iliyopandikizwa huuzoesha mmea kunyamazisha jeni za virusi.

Kwa hiyo mkiandika tena kwamba mmea fulani "umepewa jeni", ulizeni miche iliyopandikizwa ilikuwa mingapi na mingapi ilitupwa. Ulizeni pia kama wajukuu wa mmea huo bado wanaitoa protini hiyo, au ilipimwa kwenye kitalu nyumba mara moja tu, kwa mche uliopendeza kupigwa picha.

Msomaji wenu,
Fundi wa maabara ya mimea