Salamu za Pasaka kutoka Dodoma

Bwana asifiwe, ndugu, jamaa na majirani. Kristo amefufuka!

Pasaka imetukuta mvua zikielekea kuisha, mahindi ya kuchoma yamejaa pale Majengo na uwele umeshatoa masuke. Nawasalimu nyote, wa Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, na ninyi mliobaki Dar kwa sababu ya nauli (nauli za sikukuu tunazijua).

Kuna jambo ambalo kwenye simu mnalikwepa. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, viwanja vimepanda bei na ndugu wa tumbo moja wameacha kusalimiana. Kanisani mchungaji akisema tupeane amani, utaona mkono unazunguka kiti cha mbele na cha nyuma, halafu unamruka mtu mmoja. Kisha huyo huyo anakwenda kushiriki Meza ya Bwana.

Katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi alimkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Wahubiri wengi husema hilo deni la pili lilikuwa dogo. Mimi naona si haba, maana dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Siku mia za jasho! Yesu hakusema ulichofanyiwa ni kitu kidogo. Alikiweka tu kando ya ulichosamehewa wewe.

Wazee wetu walimjua Festo Kivengere, Mganda aliyefundisha shule hapa hapa Dodoma kabla hajawa askofu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe wakakimbia usiku kwa miguu hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, maneno ya msalabani yalimchoma: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Akaona chuki imeanza kumkausha roho, akamsamehe Amin. Amin hakuwa ameomba radhi. Na Kivengere hakunyamaza. Aliendelea kuyasema mauaji yale waziwazi.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama, tukidhani kusamehe ni kusema hapakuwa na kosa, au kumwachia mtu kiwanja. Mwenye shauri na alipeleke baraza la ardhi, haki ni haki. Ila aende bila kuwaombea watoto wa mwenzake mabaya, na wakikutana mlangoni wasalimiane. Na ukisamehe leo, kesho ukamwona akapita na hasira ikapanda tena, usishangae. Samehe tena. Petro aliambiwa saba mara sabini.

Jumatatu ya Pasaka mchana tupo nyumbani, kuna kuku, ugali wa uwele na mlenda. Njooni na watoto. Na yule mnayemjua nimemwalika, amesema atakuja.

Pasaka njema.