Majaribio ya ukatili kwa wanyama vyuoni yakome

Mhariri,

Naandika kuhusu wanyama wanaoteswa katika maabara za vyuo vikuu kwa jina la utafiti. Nilipokuwa mwanafunzi, kila kikundi darasani kilipewa sungura mmoja wa kupasuliwa akiwa hai. Siku moja dawa ya usingizi ikamwishia sungura wetu kabla ya zoezi kwisha. Tulitazamana tu. Na jibu tulilokuwa tukilitafuta lilikuwa limechapishwa kitabuni miaka mingi kabla hatujazaliwa!

Sipingi utafiti, nchi yetu ya Uganda iliyopambana na Ebola mara kadhaa haiwezi kudharau maabara. Ila tangu 1959 wanasayansi Russell na Burch wa Uingereza walishauri mnyama aachwe panapokuwa na njia nyingine, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Marekani nayo, mwishoni mwa 2022, iliondoa sharti la kisheria la kujaribu kila dawa mpya kwa wanyama kwanza. Leo zipo seli zinazokuzwa maabara na programu za kompyuta zinazotumiwa na wanafunzi mwaka baada ya mwaka. Sungura hutumika mara moja, tena anakula kila siku.

Naomba Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia likatae mradi wowote usioeleza kwa nini mnyama hawezi kuepukwa, na kamati za maadili zikague maabara bila kutoa taarifa mapema. Upasuaji wa wanyama hai kwa ajili ya kufundishia tu ufutwe kuanzia mwaka ujao wa masomo.

Mwalimu wa baiolojia,
Jinja