Msiisahau McGill katika historia ya magongo ya barafuni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa furaha makala ya gazeti lako kuhusu vijana wa Nairobi wa timu ya Ice Lions na jinsi Kenya ilivyopokelewa mwaka 2024 katika shirikisho la kimataifa la mpira wa magongo wa barafuni. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Montreal kwa miaka mingi sasa, na kuona Wakenya wakiteleza barafuni kwa umahiri ule kumenipa fahari nisiyoweza kuificha. Hata hivyo, kuna sentensi moja katika makala hiyo ambayo siwezi kuiacha ipite, nayo ni ile inayodai kwamba mchezo huu uliasisiwa na NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Ligi hiyo iliundwa hapa hapa Montreal mwezi Novemba 1917, na wakati huo timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha McGill ilikuwa na umri wa miaka 40.

Tarehe ya kukumbukwa ni 3 Machi 1875. Jioni hiyo, katika ukumbi wa barafu wa Victoria Skating Rink hapa Montreal, pande mbili za wachezaji tisa tisa, wengi wao wakiwa wanafunzi wa McGill, zilicheza mechi iliyoandaliwa na James Creighton, kijana aliyetoka Halifax. Watu wa kaskazini walikuwa wakicheza michezo ya magongo juu ya maziwa yaliyoganda tangu zamani, na sina nia ya kuwanyang'anya sifa yao. Jambo jipya la jioni ile lilikuwa kuuingiza mchezo ndani ya jengo, kuupa idadi maalumu ya wachezaji na kuweka kipande bapa cha mbao mahali pa mpira wa duara, ili kisiruke kikawapiga watazamaji. Barafu ya ukumbi ule ilikuwa na urefu wa futi 204 na upana wa futi 80. Viwanja vya NHL leo vina futi 200 kwa 85, na anayelinganisha vipimo hivyo ataona mwenyewe vilikotoka.

Klabu ya McGill ilizaliwa Januari 1877, na mwezi uliofuata kanuni za mchezo zikachapishwa katika gazeti la Montreal. Mwaka 1883 wanafunzi hao walitwaa kombe katika tamasha la majira ya baridi la jiji hili, na mwaka 1886 klabu yao ilikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wachezaji wa ridhaa cha Kanada. Tena, waliopita McGill ndio walioufundisha mchezo wa kulipwa mambo mengi. Ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, walianzisha ligi ya pwani ya Pasifiki mwaka 1911, na humo ndimo zilimotoka zile mistari ya buluu inayogawa uwanja na ruhusa ya kipa kujitupa chini ili azuie bao. Creighton mwenyewe alisomea sheria McGill, akaitumikia Seneti ya Kanada kwa miaka 48, kisha akazikwa Ottawa katika kaburi ambalo halikuwa na jiwe la ukumbusho hadi mwaka 2009. Jambo hilo hunihuzunisha kila ninapolikumbuka.

Lakini ukweli nusu haunitoshi, na sitaki wasomaji wako waifahamu timu hii kwa sifa zake pekee. Katika karne ya 19 magongo mazuri kuliko yote yalichongwa na mafundi wa kabila la Mi'kmaq, Wazawa wa Nova Scotia, jimbo alikotoka Creighton. Chuo kilichonufaika na mchezo uliobebwa na mikono hiyo kiliziita timu zake za wanaume "Redmen", yaani watu wekundu, neno ambalo pia limetumika kuwadharau Wazawa wa Amerika, kwa miongo mingi. Inasemekana jina lilitokana na rangi nyekundu ya jezi, na huenda ndivyo lilivyoanza. Hata hivyo, baadaye timu zilivaa picha ya kichwa cha Mzawa wa Amerika, na hapo hoja ya rangi ya jezi ikawa haina nguvu tena. Mwaka 2018 wanafunzi walipiga kura, na walio wengi mno wakataka jina libadilishwe. Chuo kililiondoa Aprili 2019, na tangu Novemba 2020 timu inaitwa Redbirds, yaani ndege wekundu, kwa sababu ngao ya chuo ina ndege watatu wa rangi hiyo. Wapo wachezaji wa zamani walioumia kulipoteza jina walilolitokea jasho, nami naelewa uchungu wao, ila naamini wanafunzi waliamua kwa haki.

Nenda uwanja wa McConnell, kwenye mteremko wa Mount Royal, utawaona warithi wa historia hiyo. Kabla ya mechi, visahani vya mpira mgumu vya kuchezea, kila kimoja kikiwa na gramu 170 hivi, huwekwa kwenye baridi kali vigande visidundedunde. Vijana hukaza kamba za viatu hadi vidole vinawaiva, na wanapogeuka ghafla, vyuma vya viatu hukwangua barafu kwa sauti inayofika hadi viti vya juu kabisa. Kesho yake vijana hao hao wana vipindi darasani. Walingoja hadi mwaka 2012 kupata ubingwa wao wa kwanza wa vyuo vikuu vya Kanada, walipoishinda timu ya Western katika muda wa nyongeza mjini Fredericton. Yaani miaka 135 baada ya klabu kuanzishwa!

Vijana wa Ice Lions nao walianza bila ligi na bila mishahara, kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Nairobi. Wakiambiwa kwamba mchezo wao ulibuniwa na matajiri wa ligi ya kulipwa, watajiona wageni kwao, ilhali asili yake ni vijana wa umri wao waliokuwa na magongo, vitabu na ukumbi wa kukodi. Naomba sentensi ile isahihishwe katika ukurasa uleule wa michezo ilikochapwa.

Msomaji wako,
Montreal, Kanada